Mchanga Chini ya Chupa

12 Novemba
Leo nimekubaliana na Baba, na kwa kuwa Baba husahau upesi makubaliano yasiyompendeza, nayaandika hapa. Ofisi ya kugawa vyuo imenipangia biashara, kwa sababu alama zangu zilipungua kidogo tu kufikia uhandisi. Sitaki biashara. Nimemwambia nitakaa nyumbani nijisomee mwenyewe mambo ya majengo: kuta, misingi, udongo. Alicheka mpaka akapaliwa na chai. Halafu akaona mimi sicheki.

"Haya, mama," akasema. "Nakupa dhoruba zote za mwaka huu. Mbwekaji akishapita na hujanionyesha kitu cha maana, unajaza fomu ya biashara, na kilio sitaki kukisikia."

Hapa Iskandaria kila dhoruba ya kipupwe ina jina na tarehe yake. Mfagio ndiyo ya kwanza, Mbwekaji ndiyo ya kufunga, mwishoni mwa Machi. Nina miezi minne na ushee. Nimenunua vitabu vitatu kwa wauza vitabu vikuukuu wa mtaa wa Nabi Danieli. Kimoja hakina jalada wala jina la mwandishi, na ndicho kizuri kuliko vyote.

16 Novemba
Mfagio umefika kwa tarehe yake na kuosha mtaa mzima. Kitabu kisicho na jalada kinasema anayetaka kujua nyumba aanze na ile anayolala. Basi nimeanza na yetu. Chini kabisa ni duka la Hajji Ramzi, dobi, naye hulala nyuma ya duka. Juu yake sisi, mimi na Baba. Ghorofa ya tatu imefungwa, wenyewe wako Kuwaiti. Juu kabisa anakaa Bi Nargis, mjane, aliyenilea tangu Mama alipofariki.

Ngazini, juu ya mlango wetu, nimeona ufa. Unapanda mshazari kwenye ukuta wa upande wa shimo. Zamani upande huo palikuwa na jumba la bustani. Kiangazi walilivunja, wakachimba shimo la kujengea mnara, na pampu inavuta maji humo usiku na mchana. Tumeshaizoea sauti yake.

17 Novemba
Mvua. Nimesoma kurasa arobaini na kuelewa tisa.

20 Novemba
Nimenunua kiroba cha jasi. Unakwangua plasta mpaka ufikie tofali, unabandika kiraka cha jasi juu ya ufa, unaandika tarehe. Jasi haijui kunyumbuka. Ukuta ukisogea hata kidogo, kiraka kinakatika, na hapo unajua. Nimebandika vinne.

Bi Nargis alinikuta nimepiga magoti kwenye ngazi.

"Wewe mtoto, umehamia hapa? Nikuletee godoro?"

"Napima ufa, Bi Nargis."

"Ufa huo nimeukuta siku naingia humu bibi harusi. Ulinisalimia."

"Basi umenenepa."

"Hata mimi," akasema, akanipa kipande cha keki ya basbusa alichokuwa amekifunga kwenye leso.

Hajji Ramzi yeye hakunipa kitu. "Injinia wa viraka!" akapiga kelele kutoka chini. "Nina suruali imechanika, njoo upime!"

Jioni akaja binamu yangu Hisham, mwaka wa tatu wa uhandisi, ambaye mtaa mzima wanamwita injinia hata akienda kununua mkate. Aligusa ukuta kwa kidole kimoja. "Plasta tu hiyo, Inas. Nyumba za zamani zote zina mikunjo usoni." Simpendi akiongea vile. Simpendi hata akinyamaza.

29 Novemba
Kiraka cha tatu kimekatika. Kimekatika safi, kama biskuti. Nilikaa pale nikikitazama, nikafurahi kwanza, kwa sababu kitabu kilisema kweli na mimi nilifanya sawasawa. Furaha hiyo ilinishika mpaka nikafika chini. Ndipo nilipokumbuka kwamba juu ya ukuta ule analala Bi Nargis.

Sina kifaa cha kupimia upana. Natumia karatasi za daftari. Leo zimeingia tatu.

5 Desemba
Dhoruba ya Kasimu. Viraka viwili vingine vimekatika. Karatasi tano.

Nimesoma sura ya maji. Pampu ikivuta maji kwa nguvu, huvuta na mchanga ulio chini ya misingi ya majirani, kidogo kidogo, na hakuna anayeona. Kitabu kinasema chota maji yanayotoka kwenye bomba, yaweke yatulie, tazama chini. Nimeosha chupa ya achari, nikaenda kwenye mfereji yanakomwagikia maji ya shimo, nikaijaza. Mlinzi wa shimo aliniuliza kama nyumbani kwetu maji yamekatika.

6 Desemba
Chini ya chupa, mchanga unene wa ukucha.

9 Desemba
Nimechota tena. Unene wa ukucha na zaidi. Nimebandika kiraka cha tano.

10 Desemba
Kimekatika.

14 Desemba
Cheti changu cha mtihani, kile cha karatasi ngumu, kimeingia chote kwenye ufa. Mwishowe kimepata kazi.

Hisham alikuja kwa chakula. Nilimwekea chupa mbele ya sahani ya mulukhia, mlenda wetu. Aliitikisa, akaiacha itulie, akaitazama mpaka mulukhia ikapoa.

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye mfereji wa shimo."

"Ya siku ngapi hii?"

"Hii ni ya leo tu."

Hakufanya mzaha. Akasema atamuuliza mwalimu wake. Kwa mara ya kwanza nilimwona ni kijana mwenye hofu, na nikaona haya kwamba hilo limenipendeza.

19 Desemba
Mwalimu wake amemwambia majengo ya zamani hayamo kwenye mtihani, na asijitie kwenye mambo ya wakandarasi.

3 Januari
Baba aliita majirani kwenye duka la Hajji Ramzi, kwa sababu mimi nilimkalia kooni. Nikaeleza viraka, karatasi, chupa. Nikasema tuandike barua wilayani wasimamishe pampu ile na kuja kuikagua nyumba. Walinisikiliza vizuri, jambo ambalo lilinitia wasiwasi.

"Kamati ya ukaguzi ikija," akasema Hajji Ramzi, pasi mkononi, "unajua itaandika nini? Itaandika bomoa. Ikishaandika bomoa, mwenye nyumba atachinja kondoo na kugawa mtaa mzima. Miaka thelathini anatafuta njia ya kututoa, sheria imemfunga mikono maadamu nyumba imesimama. Wewe unataka kumpa?"

"Nataka tusife, Hajji."

"Ufa sijawahi kuona umemtupia mtu godoro barabarani. Karatasi ya wilaya nimeona."

Bi Nargis alinishika mkono. "Mwanangu, nikitoka humu naenda wapi? Mume wangu alifia chumba kile. Kila kitu changu kinajua kinakaa wapi."

Baba amezaliwa nyumba hii. Akasema, "Tungoje." Basi ikawa tungoje.

9 Januari
Nimepeleka barua wilayani. Sikutia jina.

11 Januari
Nimerudi na mkate nikamkuta Baba ngazini na mwiko wa kupigia plasta, mikono ya shati imekunjwa. Hajji Ramzi kashika ndoo. Bi Nargis kakaa kwenye kidato na birika la chai. Walikuwa wamechangamka kama watu wanaoandaa harusi. Ufa haupo. Viraka vyangu havipo. Ukuta laini, unang'aa kwa unyevu.

"Kamati inakuja kesho," akasema Hajji Ramzi. "Kuna mbwa kaandika barua."

Nilitazama ndoo, kisha kiroba kilichokuwa ubavuni mwake. Ilikuwa jasi yangu mimi.

Baba alinitazama. Alijua barua ni yangu, nami nikajua kwamba anajua. "Hata viraka vyako sikuvibandua, mama," akasema taratibu. "Vimo humo ndani. Nimepaka juu yake." Alisema kama mtu anayenifanyia hisani. Nikapita nikaenda kulala bila kuvua viatu.

12 Januari
Furiko Kubwa, mvua ya kumwaga kwa ndoo. Injinia wa kamati alikaa dakika tano na mwavuli wake. Aligusa ukuta akasema mbona plasta mbichi. Hajji Ramzi akasema sherehe, Injinia, binti wa nyumba anachumbiwa. Binti mwenyewe nikafungua daftari nikamwonyesha tarehe na karatasi.

"Uko chuo gani?"

"Sipo chuo."

"Nani kakufundisha haya?"

"Nimejifundisha mwenyewe."

Akatabasamu, wala si kwa ubaya, na hapo ndipo paliponiuma. "Kasome kwanza, binti. Ukimaliza njoo, tutafanya kazi pamoja." Akaandika: matengenezo ya kawaida.

13 Januari
Sijasema na Baba.

14 Januari
Sijasema na Baba. Chupa: mchanga nusu kidole.

20 Januari
Sasa siwezi kupima ufa. Nimebaki na chupa, na mlango wa Bi Nargis, ambao tangu juzi hausukumiki ila kwa bega. Yeye anasema ni unyevu.

Nimeanza sura ya saba. Hii imenitia baridi. Kitabu kinasema watu hufikiri hatari ni wakati pampu inavuma. Hatari kubwa ni baada ya pampu kuzimwa. Maji hurudi mahali pake, yakakuta mchanga haupo, na udongo uliosimama kwa mazoea unalala. Huchukua wiki kadhaa. Huwa ni siku tulivu. Nimepiga mstari chini ya maneno hayo mara mbili.

28 Januari
Dhoruba ya Ukarimu. Nitaandika kila kitu.

Tulikuwa kwenye chai ya asubuhi na maharage, Hisham yuko nasi kwa sababu tramu zimesimama. Kulisikika mlio ngazini, si mkubwa, kama mtu anayepasua kitambaa kipya. Baba alitoka kwanza. Plasta yake ilikuwa imefunguka kuanzia mlango wetu hadi juu tusikoona. Alitia vidole kwenye ufa, vikaingia vinne. Kisha tukamsikia Bi Nargis akipiga mlango wake kwa ndani, akimwita Baba.

"Shawki! Shawki, haufunguki!"

Baba na Hisham waliupiga kwa mabega mara tatu ndipo ukatoka na fremu yake. Bi Nargis alikuwa amevaa koti juu ya nguo ya kulalia, mkoba mkononi, amejitengeneza nywele. Alikuwa tayari kufa au kwenda kutembea, nami nikamkumbatia nikalia kama mtoto.

Baba akashuka. Akachukua daftari langu. Akachukua chupa, akaifunga kwa gazeti. Akavaa koti la kazini, lile la udereva wa tramu, lenye vifungo vya shaba. Hajji Ramzi alimkamata mlangoni.

"Shawki, ndugu yangu, kwa haki ya mkate tuliokula pamoja. Nina miaka sabini. Nitapiga pasi wapi?"

"Mimi ndiye niliyeupaka, Hajji."

"Upake tena! Nitakushikia ndoo!"

"Nitaufungua mimi mwenyewe," akasema Baba, akaingia kwenye mvua. Kule wilayani alitia sahihi kwa jina lake kamili. Saa nane alirudi na injinia yule yule, na safari hii hakuja na tabasamu. Aliuliza nani kaupaka ukuta. Baba akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

1 Februari
Amri ya kuhama imebandikwa. Wote tumetoka. Wamefunga lango kwa mnyororo, na ufunguo mmoja kapewa Baba, aliyetia sahihi, ili watu wakachukue vitu vyao kwa zamu. Hajji Ramzi alitema mate karibu na kiatu changu. Sikuondoa mguu.

10 Februari
Tunakaa kwa shangazi, mama yake Hisham. Bi Nargis hana mtu, kwa hiyo yuko nasi, analala chumba kimoja nami. Anatandika kitanda chake kabla sijaamka, asionekane mzigo. Mikebe yake ya mirehani imebaki kibarazani kule juu, haikupata nafasi.

13 Februari
Sokoni mwanamke nisiyemjua kaniambia, "Wewe ndiye uliyevunja nyumba kwa kalamu?"

18 Februari
Dhoruba ya Jua Dogo. Nimepita mtaani. Nyumba imesimama. Kuna kitu kilinishtua na sikujua ni nini, mpaka Hisham aliposema: pampu imezimwa. Mkandarasi kamaliza kumwaga zege ya chini. Kimya kilikuwa kizuri, ndege walisikika.

"Naona imetulia," akasema Hisham. "Pengine pampu ndiyo ilikuwa tatizo lenyewe."

Mfereji umekauka. Chupa haina tena cha kuchota. Nilitaka kurudia sura ya saba, ila kitabu kimo ndani ya boksi, na boksi liko chini ya kitanda cha Bi Nargis. Kesho.

9 Machi
Husumu, siku nane za upepo. Nyumba imesimama.

16 Machi
Imesimama.

20 Machi
Hajji Ramzi kaja kumwona Baba. Amekonda. Anapigia watu pasi kwenye kibaraza cha msikiti. Hakunisalimia.

"Dhoruba nne, Shawki. Imesimama dhoruba nne baada ya binti yako kuisomea talakini. Nenda katengue sahihi."

Baba akanigeukia, mbele ya Hajji. "Inas, unasemaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza vile. Nilitakiwa nijibu kama injinia. Nikasema, "Sijui, Baba." Nimeandika neno kwa neno ili nisije nikajidanganya baadaye.

24 Machi
Mbwekaji kabweka siku nzima na kuondoka. Baridi imekwisha. Imesimama. Baba kaweka fomu ya chuo cha biashara juu ya meza. Makubaliano ni makubaliano. Nimejaza jina.

25 Machi
Bi Nargis: "Mirehani yangu ilikuwa inanyeshewa. Sasa mvua hakuna, nani ataimwagilia?" Kauliza asubuhi, kauliza adhuhuri, kauliza tukinywa chai.

26 Machi
Jua zuri. Nimempa Bi Nargis ufunguo wa lango, ule aliniachia Baba, akamwagilie mirehani. Saa moja tu.

29 Machi
Tumemzika jana.

Nyumba ilianguka siku ile ile, saa nne na nusu. Hakukuwa na upepo. Muuza ndizi aliyekuwa mkabala anasema iliketi, kama mtu mzima anavyoketi. Anasema alimwona Bi Nargis kibarazani na kopo la maji, kisha akaingia ndani, na mvuke wa birika ukatoka dirishani. Alikuwa anajipikia chai kwake.

Hajji Ramzi alikuja mazishini. Alikuja moja kwa moja kwangu, nikajikaza nitemewe mate. Aliuweka mkono wake kichwani pangu, ukatulia pale, mzito, na hilo lilikuwa baya zaidi.

31 Machi
Nimetoa kitabu kwenye boksi. Mstari wangu upo, mara mbili. Huwa ni siku tulivu.

2 Aprili
Hisham ameniletea kipande cha ukuta kutoka kwenye kifusi. Juu plasta ya Baba. Chini yake kiraka changu, kimekatika katikati, na mwandiko wangu: 9 Desemba. Baba alikishika muda mrefu. Akaenda kuiondoa ile fomu mezani. Nikamwambia aiache.

5 Aprili
Leo niliitwa kwa mpelelezi. Alikuwa na nakala ya daftari hili lote, walilolichukua juzi na kulirudisha, kalisoma kweli, kwa kuwa alijua hata habari za suruali ya Hajji Ramzi. Alinihoji kuhusu mkandarasi, pampu, mchanga. Nikamweleza kila kitu, naye akaandika bila kunikatiza.

"Nani alikufundisha?"

"Nimejifundisha mwenyewe."

Hakutabasamu. Akafungua kurasa taratibu mpaka tarehe ishirini na sita Machi, akaweka kidole pale.

"Siku zote umepima. Karatasi, chupa, mlango. Hapa mbona hukupima kitu?"

Nikamwambia nilichoka. Kwamba mtaa mzima ulikuwa unaomba niwe nimekosea, na mimi niliomba pamoja nao. Kwamba sikuwa na karatasi ya mtu yeyote ya kuniambia kwamba ninajua, basi jua lilipowaka nikaamua sijui, nikatoa ufunguo mfukoni.

Aliandika jibu hilo, akanigeuzia fomu nitie sahihi. Chini ya jina langu palikuwa na nafasi ya kujaza kiwango cha elimu, naye alikuwa ameiacha wazi.

"Hapa niandike nini?" akaniuliza.

"Andika tu kwamba nilijua."